Kumpeleka kijana Japani kusoma lugha: Hesabu ambayo wakala hakuambii

Na Mwandishi wa Masuala ya Kikanda

MFANYABIASHARA yeyote wa magari ya mtumba, awe Mombasa, Dar es Salaam, Kampala au Kigali, ameshawahi kutumiwa kwenye simu karatasi moja yenye mchoro wa gari lililotandazwa kama ngozi ya mbuzi. Juu ya mchoro kuna herufi na namba: A1, U2, W2, XX. Pembeni kuna alama ya 4 au 3.5, au herufi R peke yake. Chini kuna mistari miwili mitatu iliyoandikwa kwa mkono, kwa Kijapani.

Herufi hizo wengi tumezizoea. A ni mkwaruzo, U ni bati lililobonyea, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupakwa rangi, S ni kutu, XX ni kipande kilichobadilishwa. R ni gari lililowahi kutengenezwa baada ya kuumia. Lakini ile mistari ya chini ndiyo yenye maneno. Humo mkaguzi wa mnada huandika kwamba gari liliingia maji ya mafuriko, kwamba mita ya kilomita haiaminiki, au kwamba giaboksi ina hitilafu. Mnunuzi asiyejua kuisoma hubaki kutegemea tafsiri ya muuzaji yuleyule anayetaka gari liondoke.

Ndipo linapokuja swali ambalo familia za biashara zina haki ya kuliuliza: kwa nini tusimpeleke kijana wetu mmoja Japani, akasome lugha, awe macho na masikio yetu huko?

Ni swali zuri, na jibu lake si la ndiyo au hapana. Makala haya yanapitia njia zilizopo, gharama, sheria, ugumu wa lugha yenyewe na mahali ambapo familia nyingi zinaweza kuteleza.

Lugha inavyogusa mfuko

Tuanze na jambo dogo, tarehe. Wajapani wana kalenda yetu, lakini nyaraka nyingi bado huandikwa kwa miaka ya utawala wa mfalme. Gari lililoandikwa H29 limesajiliwa mwaka wa 29 wa enzi ya Heisei, yaani 2017. Lililoandikwa R3 ni la mwaka wa tatu wa enzi ya Reiwa, yaani 2021. Kanuni ni rahisi: kwa H jumlisha 1988, kwa R jumlisha 2018.

Jambo hilo dogo lina pesa ndani yake. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Uganda imepiga marufuku yaliyozidi miaka 15 tangu yatengenezwe. Tanzania haifungi mlango, lakini hutoza ushuru wa ziada kwa magari makuukuu. Kosa la mwaka mmoja katika kusoma karatasi linaweza kuligeuza gari kuwa mzigo unaolipiwa gharama za bandari kila siku bila kutoka.

Na si magari tu. Vipuri vinavyouzwa Kirinyaga Road mjini Nairobi, Gerezani mjini Dar es Salaam na Kisekka mjini Kampala vingi hutoka kwenye yadi za kuvunjia magari huko Japani. Mwenye yadi ndogo ya mkoani mara nyingi hazungumzi Kiingereza. Kwa upande wa pili, Japani hununua ufuta wa Tanzania, na kahawa yenye jina la Kilimanjaro inajulikana katika migahawa yao hata kwa mtu asiyejua Kilimanjaro iko nchi gani. Anayeweza kuzungumza na mnunuzi kwa lugha yake ana nafasi ambayo barua pepe haimpi.

Milango mitatu

Kijana wa Afrika Mashariki anayetaka kusoma Japani ana milango mikuu mitatu, na kila mmoja una ufunguo wake.

Wa kwanza ni ufadhili wa serikali ya Japani, unaojulikana zaidi kwa jina la MEXT, ulioanza mwaka 1954. Maombi hupitia ubalozi, na kwa kawaida hufunguliwa kati ya mwezi wa nne na wa sita. Anayechaguliwa kwa shahada ya kwanza husoma miaka mitano, ambapo mwaka mzima wa kwanza ni wa lugha ya Kijapani, Osaka au Tokyo. Halipi ada, hupewa tiketi ya ndege, na posho yake kwa muda mrefu imekuwa yen 117,000 kwa mwezi. Nafasi ni chache na mitihani ni migumu, hesabu hasa. Lakini kujaribu hakugharimu chochote, na inashangaza ni familia ngapi zinazokimbilia kwa wakala kabla ya kupita ubalozini.

Wa pili ni ABE Initiative, mpango uliotangazwa na Waziri Mkuu Shinzo Abe mwaka 2013 katika mkutano wa tano wa TICAD mjini Yokohama. Huu ni wa shahada ya uzamili pamoja na mafunzo ya kazi ndani ya kampuni za Kijapani. Masomo mengi ni kwa Kiingereza, kwa hiyo unamfaa aliyekwisha maliza chuo na mwenye uzoefu wa kazi. Atarudi na mtandao wa watu, lakini Kijapani chake kitategemea bidii yake mwenyewe.

Wa tatu ndio unaotuhusu zaidi leo: shule ya lugha ya Kijapani, kwa gharama ya familia. Shule hizi ziko mamia, kuanzia Tokyo na Osaka hadi miji midogo. Hupokea wanafunzi mwezi wa nne, wa saba, wa kumi na wa kwanza. Masomo ni kama saa 20 kwa wiki, nusu siku, asubuhi au mchana. Muda wa juu kabisa ni miaka miwili.

Japani yenyewe inawataka wanafunzi. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Yasuhiro Nakasone aliweka lengo la wanafunzi wa kigeni 100,000, likafikiwa mwaka 2003. Mwaka 2008 likawekwa lengo la 300,000, likavukwa mwaka 2019. Sasa lengo ni 400,000 ifikapo mwaka 2033, na hesabu ya mwaka 2024 ilipita 330,000. Wengi wanatoka China, Nepal na Vietnam. Waafrika bado ni wachache sana, jambo lenye faida na hasara yake, kama tutakavyoona.

Masharti yanayokwamisha

Sharti la kwanza ni miaka 12 ya shule. Hapa mifumo yetu inatofautiana, na wazazi wa mpakani wasichanganye. Mkenya aliyemaliza kidato cha nne cha mfumo wa 8-4-4 ametimiza miaka 12. Mnyarwanda aliyemaliza sekondari ya juu ametimiza pia. Lakini Mtanzania au Mganda aliyeishia kidato cha nne ana miaka 11 tu, saba ya msingi na minne ya sekondari. Lazima amalize kidato cha sita. Wakala anayempokea kijana wa kidato cha nne kutoka Arusha au Masaka na kuchukua ada ya maombi bila kumuuliza jambo hili, ama hajui kazi yake au anaijua vizuri mno.

Sharti la pili ni ushahidi kwamba kijana ameshaanza lugha. Kwa kawaida huombwa cheti cha saa 150 za masomo au kufaulu ngazi ya N5 ya mtihani wa JLPT, ambayo ndiyo ya chini kabisa. Ngazi ziko tano, N5 hadi N1. Nairobi ni mojawapo ya miji ya Afrika ambako mtihani huo umekuwa ukifanyika.

Sharti la tatu ndilo linalowaangusha wafanyabiashara. Kabla ya viza, Uhamiaji wa Japani hutoa cheti cha kustahili kuingia, kinachoombwa na shule kwa niaba ya mwanafunzi. Kwa cheti hicho mfadhili, yaani mzazi, hutakiwa kuonyesha salio la benki, uthibitisho wa mapato na wa kodi, na namna fedha hizo zilivyopatikana.

Sasa fikiria mama anayevusha nafaka Namanga, au mzee mwenye maduka mawili Busia. Fedha yake iko kwenye bidhaa, kwenye simu, na kwenye madeni anayowadai watu. Benki ana akaunti inayoingia na kutoka siku hiyohiyo. Ni tajiri kuliko mwalimu wa jirani, lakini kwenye karatasi mwalimu ndiye anayeonekana na uwezo. Akikopa kwa ndugu ili ajaze akaunti wiki moja kabla ya maombi, fedha iliyoingia ghafla itazua maswali. Anayetaka kumpeleka mtoto mwaka kesho aanze leo kuweka vitabu vya hesabu, kulipa kodi kwa jina lake na kuacha salio likae.

Hesabu yenyewe

Tupige hesabu kwa kiwango cha yen 150 kwa dola moja, ambacho hakiko mbali na hali ya miaka ya karibuni. Msomaji aangalie kiwango cha siku yake.

Ada ya shule ya lugha kwa mwaka iko kati ya yen 700,000 na 900,000. Tuchukue 800,000. Chumba cha kushirikiana, chakula, simu, treni na bima, tukadirie kwa kubana yen 100,000 kwa mwezi, yaani 1,200,000 kwa mwaka. Jumla ni yen milioni 2, karibu dola 13,300. Kwa miaka miwili ni yen milioni 4, karibu dola 26,700. Nauli ya ndege haimo. Mwenye kuuza magari atajua mwenyewe ni magari mangapi hayo.

Wakala atakwambia: usijali, atafanya kazi. Ni kweli kwamba mwanafunzi anaweza kuomba kibali cha kazi ya ziada, ambayo Wajapani huiita arubaito. Lakini sheria inampa saa 28 kwa wiki, na saa nane kwa siku wakati wa likizo ndefu za shule. Haruhusiwi kabisa kufanya kazi kwenye baa za starehe au nyumba za michezo ya kubahatisha, hata kama ni kufagia tu.

Kima cha chini cha mshahara mjini Tokyo tangu Oktoba 2025 ni yen 1,226 kwa saa. Zidisha kwa saa 28, unapata yen 34,328 kwa wiki, kama yen 137,000 kwa wiki nne, kabla ya makato. Inalipa chumba na chakula. Ada hailipiki yote.

Na hapo tumedhani kwamba amepata kazi siku aliyoshuka ndege na hajakosa hata zamu moja. Ukweli ni kwamba mwenye Kijapani cha N5 hapati kazi ya kuhudumia wateja. Huanzia kwenye kiwanda cha vyakula vya boksi usiku, kusafisha vyumba vya hoteli au kupanga vifurushi kwenye ghala. Tuseme imemchukua miezi mitatu kupata kazi. Kwa mwaka wa kwanza ataingiza kama yen 1,233,000, na pengo la familia litakuwa yen 767,000, zaidi ya dola 5,000. Nje ya Tokyo chumba ni nafuu, ila mshahara nao unashuka.

Uhamiaji, kwa upande wake, hautaki kusikia kwamba mwanafunzi atajisomesha kwa arubaito. Unataka mfadhili.

Saa 28 na kishawishi chake

Hapa ndipo vijana huharibikiwa. Deni la nyumbani linabisha hodi, mdogo wake anataka ada, baba anauliza kwa nini hajatuma kitu. Kijana anaongeza kazi ya pili. Anafika darasani akiwa ametoka zamu ya usiku, analala juu ya daftari, mahudhurio yanashuka.

Wakati wa kuongeza muda wa ukaaji, Uhamiaji huangalia mahudhurio ya shule na unaweza kuangalia kumbukumbu za kodi. Kipato kikizidi kile ambacho saa 28 zinaweza kuzaa, maswali yanafuata, na jibu linaweza kuwa kurudishwa nyumbani bila cheti na bila lugha. Familia imepoteza mtaji, na kijana amepoteza miaka miwili ya ujana wake na kubaki na aibu ambayo si yake peke yake.

Kwa hiyo kauli ya kwanza ambayo mzazi anapaswa kumwambia mtoto anayeondoka ni hii: miaka miwili hii hatukudai kitu. Mzazi asiyeweza kuitamka kauli hiyo kwa dhati bado hajawa tayari kumpeleka.

Lugha yenyewe ikoje?

Kwa masikio ya Mswahili, Kijapani kina ukarimu wa ajabu mwanzoni. Irabu ni zilezile tano, na silabi karibu zote huishia kwa irabu. Maneno ya kigeni wameyavisha irabu kama tulivyofanya sisi: hoteli kwao ni hoteru, basi ni basu, shati ni shatsu. Kijana wa Tanga atatamka Kijapani safi mapema kuliko Mzungu aliyeko dawati la pili.

Sarufi nayo ina mlango tunaoujua. Sisi tuna ngeli, wao wana vihesabio: huwezi kusema vitatu tu, lazima useme ni vitatu vya aina gani. Vitu virefu vyembamba vina kihesabio chao, bapa vina chao, wanyama wadogo chao, watu chao, magari na mashine chao, dai. Aliyezoea kusema watu watatu, vitabu vitatu na magari matatu hatalalamika sana.

Adabu pia. Mtoto aliyelelewa kuamkia shikamoo anajua kwamba maneno hubadilika kulingana na aliye mbele yako. Kijapani kimelijenga jambo hilo hadi kwenye kitenzi: kuna namna ya kumpandisha mwenzako na namna ya kujishusha wewe. Kwenye biashara ndilo linalopimwa kwanza.

Kuna mitego. Irabu ndefu na fupi hutenganisha maana: obasan ni shangazi, ukirefusha a ya kati unamwita bibi. Neno saba kwao ni samaki wa jamii ya vibua. Na kuna jina la mnyama mmoja wa porini ambalo mwanafunzi kutoka pwani atalisoma kimyakimya, akiomba mwalimu asimwite yeye.

Ukarimu huo unaishia kwenye maandishi. Kuna hiragana, herufi 46, na katakana, herufi 46, ambazo mwenye bidii huzimaliza kwa wiki chache. Kisha kuna kanji, herufi zenye asili ya China. Orodha rasmi ya zile za matumizi ya kawaida ina kanji 2,136, na nyingi zina zaidi ya matamshi mamoja. Wanafunzi kutoka China huingia darasani wakiwa tayari wanazitambua, hivyo darasa huweza kwenda kwa mwendo wao. Mwafrika peke yake darasani anaweza kujiona mjinga kila Jumatatu ya mtihani wa kanji. Si mjinga. Ameanzia kilomita nyingi nyuma.

Wamarekani wanaowafundisha lugha wanadiplomasia wao hukadiria kwamba Kijapani kinahitaji takriban saa 2,200 za darasani. Shule ya lugha ya miaka miwili hutoa kama saa 1,500. Zinazobaki hutafutwa nje: kazini, mtaani, kwenye daftari usiku. Ndiyo maana uchache wa Waafrika una faida yake. Anayekaa na wenzake wa lugha moja hurudi na lugha hiyohiyo. Asiye na mwenzake analazimika kusema.

Waliotangulia

Njia hii ina nyayo za watu wetu. Samuel Wanjiru wa Kenya alikwenda mjini Sendai mwaka 2002 akiwa na miaka 15, akasoma sekondari ya Sendai Ikuei huku akikimbia. Alijifunza Kijapani akakizungumza vizuri, na mwaka 2008 mjini Beijing akawa Mkenya wa kwanza kutwaa dhahabu ya marathoni ya Olimpiki. Kabla yake Douglas Wakiihuri alikwenda Japani mwaka 1983 kufundishwa na kocha Kiyoshi Nakamura, na mwaka 1987 akawa bingwa wa dunia wa marathoni mjini Roma.

Kwenye elimu, Oussouby Sacko wa Mali alifika Japani mwaka 1991, akasomea usanifu wa majengo hadi udaktari katika Chuo Kikuu cha Kyoto. Mwaka 2018 akawa mkuu wa Chuo Kikuu cha Kyoto Seika, akiendesha vikao kwa Kijapani mbele ya Wajapani.

Na Profesa Wangari Maathai, ambaye hakuwa mwanafunzi huko, alitembelea Japani mwaka 2005 akalisikia neno mottainai, linalobeba uchungu wa kuona kitu kikipotea bure. Akalichukua akazunguka nalo duniani. Neno moja tu la Kijapani lilimfungulia mioyo ya Wajapani.

Wao pia wanatusoma. Chuo Kikuu cha Osaka kinafundisha Kiswahili kama somo kuu la shahada, na NHK hutangaza kwa Kiswahili, pamoja na kutoa masomo ya Kijapani bila malipo.

Baada ya shule ya lugha

Cheti cha shule ya lugha peke yake hakimpi kijana kazi ya kudumu, isipokuwa alikuwa na shahada kutoka nyumbani. Mwenye shahada na Kijapani cha N2 anaweza kuajiriwa na kubadilisha hadhi ya ukaaji, ikiwa kazi inaendana na alichosomea. Asiye na shahada huendelea chuo kikuu, kupitia mtihani wa EJU unaofanyika mwezi wa sita na wa kumi na moja, au chuo cha ufundi cha miaka miwili. Kwa familia za magari, vyuo vya ufundi wa magari vina mvuto wa pekee: mhitimu hustahili kufanya mtihani wa leseni ya fundi wa daraja la pili inayotambuliwa na serikali.

Ipo pia hadhi ya mfanyakazi mwenye ujuzi maalumu, iliyoanza Aprili 2019, inayojumuisha utengenezaji wa magari. Inataka Kijapani cha kiwango cha N4 na mtihani wa ujuzi. Daraja lake la kwanza ni miaka mitano kwa jumla, bila kwenda na familia.

Na ile ndoto ya kuwa macho yetu mnadani? Isemwe wazi. Mnada mkubwa kuliko yote Japani, ulioko Noda mkoani Chiba, hufanyika kila Alhamisi, na huwezi kuingia kama unavyoingia Gikomba. Ni wa wanachama, na mwanachama lazima awe na leseni ya kuuza vitu vilivyotumika, inayotolewa kupitia polisi. Mwanafunzi hana ruhusa ya kuendesha biashara. Atahitaji hadhi ya meneja wa biashara, na tangu Oktoba 2025 mtaji unaotakiwa umepandishwa kutoka yen milioni 5 hadi milioni 30, karibu dola 200,000, pamoja na mfanyakazi wa kudumu, na Kijapani cha juu kwa mwombaji au mfanyakazi wake.

Kwa hiyo njia ya kweli kwa wengi ni kijana kuajiriwa kwanza na kampuni ya Kijapani inayouza magari au vipuri nje, ambayo inahitaji mtu anayejua Kijapani, Kiswahili na soko letu. Au kurudi nyumbani na kuisoma karatasi ya mnada mwenyewe, kwa niaba ya familia na kwa wengine kwa malipo. Zote mbili ni kazi za heshima, ila hazifanani na alichoahidi wakala.

Kabla ya kulipa

Yako mambo machache ya kushika. Kwanza, wasiliana na shule moja kwa moja. Tangu Aprili 2024 Japani ina sheria mpya ya kuidhinisha shule za lugha chini ya Wizara ya Elimu, na shule zimepewa kipindi cha mpito. Iulize shule: mmeshaidhinishwa? Pili, kwa kawaida ada ndogo ya maombi hulipwa mwanzo, na ada kubwa hulipwa shuleni baada ya cheti cha kustahili kutoka. Anayetaka ada yote mapema, kwenye akaunti yake binafsi, mwache. Tatu, anayekwambia kwamba viza ya masomo ni njia tu ya kupata kazi anakuuzia kesi. Nne, pasipoti haikai kwa mtu mwingine. Tano, maombi ya kuingia mwezi wa nne hufungwa miezi mitano hadi sita kabla, kwa hiyo anayekukimbiza mwezi wa pili anakudanganya.

Na kabla ya hayo yote, mpe kijana miezi sita ya Kijapani akiwa nyumbani. Kitabu kimoja, masomo ya bure ya redio, daftari la kanji. Usimsukume. Akifika mwezi wa sita akiwa bado anaamka alfajiri kuandika kanji zake kumi kabla ya kwenda kufungua duka, kaeni chini mzungumze kuhusu fedha. Akiwa ameshalitupa daftari kufikia mwezi wa pili, familia imetumia gharama ya kitabu kimoja kujua jambo ambalo wengine wamelijua baada ya kuuza kiwanja.